Mtoto wa Getanuwas hajakosa ulimi, amekosa zamu

Mtoto wa Getanuwas, wilayani Hanang, haendi shule akiwa na lugha moja. Kwao huenda wanazungumza Kidatoga. Jirani wanayechota naye maji na kuswaga naye ng'ombe kwenda mnadani ni Mwiraqw. Dukani na kwenye zahanati ni Kiswahili. Kusini na magharibi wapo Wanyaturu na Wanyiramba, na ukipanda kaskazini hadi bonde la Ziwa Eyasi unawakuta Wahadzabe na lugha yao ya vidoko. Wanaisimu wamekuwa wakija Mbulu na Hanang kwa miongo mingi kwa sababu hiyo hiyo. Ni sehemu adimu sana barani Afrika ambapo lugha za Kibantu, za Kiniloti, za Kikushi na za vidoko zinasikika ndani ya mwendo wa siku chache kwa miguu.

Mtoto huyohuyo akifika sekondari anasimamishwa, anaulizwa swali jepesi kwa Kiingereza, anakaa kimya macho yakiwa kwenye dawati, na ripoti ya mwisho wa muhula inasema lugha inampiga chenga.

Siikubali hukumu hiyo. Tazama alichokwisha kukifanya kabla hajajua kushika kalamu. Kidatoga hukiweka kitenzi mwanzoni mwa sentensi, Kiiraqw hukipeleka mwishoni, Kiswahili hukiweka katikati. Mtoto anayecheza na watoto wa pande zote mbili amezizoea njia tatu za kupanga sentensi bila mtu kumwandikia kanuni ubaoni, na Kiingereza hakimdai ya nne: mpangilio wake ni ule anaoujua kwenye Kiswahili. Matamshi nayo yako upande wake kuliko tunavyodhani. Sisi wengine, midomo yetu ikilelewa na Kiswahili tu, neno la kigeni likiishia na konsonanti tunalitafutia irabu. Ndiyo maana tuna basi, benki na kilabu. Mtoto wa huku amekua akitaja Katesh, Endasak, Hanang na Getanuwas yenyewe, na kila jina linafungwa vizuri mwishoni. Kama nyumbani ni Kiiraqw, basi tangu utotoni sikio lake linajua kutenga irabu fupi na irabu ndefu, jambo linalowatoa jasho wanafunzi wengi wa Kiingereza nchini.

Liko na jingine, ambalo kwangu ndilo la kustaajabisha kuliko yote. Mwanamke wa Kidatoga akishaolewa hatamki jina la baba mkwe wake, na heshima hiyo inakwenda mbali zaidi ya jina: hujiepusha hata na maneno ya kawaida yanayofanana nalo kwa sauti. Mtafiti Alice Mitchell, aliyefanya kazi yake wilayani Mbulu, ameonyesha jinsi wanawake hao walivyojijengea hazina kubwa ya maneno mbadala. Neno likizuiwa, wanalizunguka na habari inafika bila kukwama. Anayejifunza lugha ya kigeni hana silaha bora kuliko hiyo. Kila siku atalikosa neno alilolihitaji, na kitakachomtofautisha anayeongea na anayenyamaza ni kama anajua kulizunguka. Mama zake mtoto huyu ni mabingwa wa jambo hilo.

Kinachomfunga kinywa, basi, ni nini? Naona mambo mawili yaliyoshikana: hapewi zamu ya kusema, na siku anayopewa anachekwa.

Tuanze na zamu, kwa sababu hesabu yake ni rahisi. Chukua darasa la watoto 60, ambalo katika shule za kata si jambo la ajabu, na kipindi cha dakika 40. Tuseme mwalimu anatumia dakika 20 kueleza, kuandika ubaoni na kukagua madaftari. Zinabaki dakika 20 za wanafunzi kusema. Wakisema mmoja mmoja, kila mtoto anapata sekunde 20, na hiyo ni kama hakuna anayesita wala anayejiumauma. Wapange wawiliwawili, waseme kwa wakati mmoja, na dakika zilezile 20 zinampa kila mtoto dakika 10. Ni mara 30 ya zile za mwanzo, kwa mwalimu yuleyule, darasa lilelile, bila shilingi moja kutoka Dodoma.

Lakini sivyo tunavyofanya. Kinachosikika kwenye madarasa yetu mengi ni kiitikio. Mwalimu anasema nusu ya sentensi, watoto wote wanaimalizia kwa sauti moja, mwalimu anauliza kama wameelewa, wote wanajibu ndiyo. Watafiti wa elimu wameandika sana kuhusu mazungumzo ya aina hii katika shule za Afrika na Amerika ya Kusini: yanamlinda mwalimu asiumbuke na mtoto asiumbuke, kwa hiyo kila mmoja anatoka salama na hakuna aliyesema chochote. Kuitikia pamoja si kosa lenyewe. Wairaqw wana slufay, ile sala ya hadhara ambayo mzee huongoza na watu wakaitikia, na ni fasihi ya heshima kubwa. Ila mwenye slufay ni yule mzee anayepanga maneno. Waitikiaji, hata wawe hodari namna gani, hawawi wazee wa slufay kwa kuitikia tu. Kuna siku lazima wasimame mbele.

Kwamba kusikia na kuitikia tu hakutoshi kulionekana mapema Kanada, nchi ambayo watu wa Hanang wana sababu ya kuikumbuka. Kuanzia miaka ya 1970, kwa fedha na utaalamu wa nchi hiyo, shirika la umma la NAFCO lilifungua mashamba saba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu, kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Matrekta yalikuja, wataalamu wakaja, na uchungu wa malisho yale haujaisha. Katika miaka hiyohiyo, kwao Kanada, lilikuwa likiendelea jaribio ambalo lingetufaa kuliko ngano. Watoto wa familia zinazozungumza Kiingereza walifundishwa masomo kwa Kifaransa tangu wakiwa wadogo. Baada ya miaka kadhaa walikuwa wakikielewa Kifaransa karibu sawa na watoto waliozaliwa nacho, lakini kukisema sawasawa bado kuliwashinda. Mtafiti Merrill Swain wa Toronto alieleza sababu mwaka 1985: walikisikia mno, hawakulazimika kukitoa mdomoni vya kutosha. Kusikia hufundisha kusikia. Aliye na kitu cha kusema, na mtu wa kumwambia, ndiye anayelazimika kugundua kwamba kuna neno hana, kisha akalitafuta.

Sisi hatuna hata huo wingi wa kusikia. Mtoto wa Getanuwas hana televisheni inayobwabwaja Kiingereza sebuleni, wala haongei na shangazi aliye London. Zile dakika 40 ndizo alizo nazo, na tunazimaliza kwa kuitikia.

Ukitaka kuona upande wa pili nenda Mang'ola, kando ya Ziwa Eyasi, ambako watalii hufika kuwaona Wahadzabe na wahunzi wa Kidatoga. Vijana wanaowaongoza wageni hao wanafasiri kutoka lugha ya mhunzi hadi Kiingereza, wanajibu maswali, wanatania. Pwani ni hivyohivyo: Malindi nchini Kenya na Kiwengwa kule Unguja utakutana na vijana wanaokimimina Kiitaliano ambacho hakuna shule iliyowafundisha. Hawakuzaliwa na vipaji wasivyo navyo wenzao walioko darasani. Walikuwa na mtu wa kumwambia kitu, kila siku, na wakichapia biashara haikusimama.

Nimelitaja neno kuchapia, na hapa ndipo penye kidonda. Hakuna kosa linaloadhibiwa haraka na jamii yetu kama kuchapia Kiingereza. Mshindani wa urembo akikosea jibu jukwaani, kipande hicho cha video kinazunguka nchi nzima kabla hajashuka. Mchezaji mpira akihojiwa na mwandishi wa nje, tunamsikiliza makosa kuliko maneno. Anayejitahidi tunamwambia ana Kiingereza cha kuombea maji, na tunalisema hilo kama tusi, ilhali mtu anayeweza kuomba maji katika lugha ya kigeni ameshavuka hatua ngumu kuliko zote. Mgeni akitamka "habari" yake moja ya kupindapinda tunampigia makofi. Mtoto wetu anaijaribu lugha ya nne na tunamzomea.

Kwa mtoto wa huku, aibu hii haianzii sekondari. Wengi huingia darasa la kwanza wakijua Kiswahili cha dukani tu, si cha darasani. Lafudhi yao huchekwa mapema, na wenzao wa mjini, na mara nyingine na mtu mzima aliyepaswa kuwatetea. Kwa hiyo Kiingereza kinapofika kinamkuta mtoto aliyekwisha kujifunza kwamba kufungua mdomo shuleni ni hatari. Hilo ndilo linalosahauliwa na wanaotunga vitabu na mafunzo wakidhani kila mtoto wa Tanzania anatoka kwenye Kiswahili kuelekea Kiingereza. Mtoto anayeambiwa katika maandalizi ya kidato cha kwanza kwamba neno hili maana yake ni lile la Kiswahili anaweza kuwa hajalimiliki hata hilo la Kiswahili.

Juu ya kicheko tukaongeza adhabu. Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu kuikomboa akili kutoka ukoloni, alieleza jinsi shule za Kenya za utoto wake zilivyomvisha kibao shingoni mtoto aliyekutwa akisema Kikuyu, na kumchapa. Desturi ya namna hiyo imeishi kuliko wakoloni. Bado zipo shule nchini ambazo mtoto hupewa kitu cha kubeba kwa kosa la kusema Kiswahili, amkabidhi atakayefuata kukosea. Matokeo yake ni kwamba watoto wanakaa kimya wakati wa mapumziko, au wanahamia nyuma ya madarasa kuongea kwa kunong'ona. Adhabu ile haijazalisha Kiingereza. Imezalisha wapelelezi na mabubu.

Najua mjadala mkubwa ulioko nyuma ya haya yote. Tangu 1967 shule za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili na sekondari zikabaki na Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zihamie Kiswahili kuanzia 1985, lakini serikali haikuliafiki pendekezo hilo. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima shule zetu na kukuta kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia somo lolote. Dawa iliyofuata ilikuwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza, uliotilia mkazo vitabu vya kusoma. Vitabu ni vizuri na vilihitajika, ila kitabu hakimwulizi mtoto kitu wala hakimsubiri ajibu. Martha Qorro na Zaline Roy-Campbell walieleza katika kitabu chao cha 1997 kwamba tunachanganya mambo mawili, kufundisha Kiingereza na kufundisha kwa Kiingereza. Mimi ni wa upande wao. Ningependa fizikia ifundishwe kwa Kiswahili na Kiingereza kifundishwe kama somo, tena kwa bidii mara mbili ya sasa. Lakini mtoto aliyeko kidato cha kwanza leo hawezi kuusubiri uamuzi ambao umeahirishwa tangu kabla wazazi wake hawajazaliwa.

Wala nisiambiwe kwamba mfugaji hana haja na Kiingereza. Wanakijiji wa Mulbadaw, hapahapa Hanang, waliishtaki NAFCO kwa ajili ya ardhi yao na wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaigeuza hukumu hiyo. Zote mbili zimo katika ripoti za sheria za Tanzania, kwa Kiingereza. Sisemi Kiingereza ndicho kilichowanyima ardhi. Hoja zilikuwa za kisheria. Ninachosema ni kwamba watu waliohusika kuliko wote walilazimika kuelezwa na wengine nini kimeamuliwa juu ya malisho yao. Tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, na ni jambo la kushukuru sana. Hata hivyo mikataba ya wawekezaji, ripoti za wafadhili na vikao vya kimataifa kuhusu haki za wafugaji bado vinaendeshwa kwa Kiingereza. Siku ambayo Mbarabaig atasimama kwenye kikao kama hicho aseme mwenyewe habari za ng'ombe wake, sitaki awe ni yule mmoja aliyebahatika kusoma shule ya bweni mjini.

Sasa kuna mbinu moja ningependa kila mwalimu wa Kiingereza wa Hanang na Mbulu aijaribu. Keith Maurice aliieleza mwaka 1983, na Paul Nation wa New Zealand akaichunguza na kuieneza. Mtoto anazungumza na mwenzake kuhusu jambo moja kwa dakika 4, mwenzake akisikiliza tu. Kisha wanabadilisha wenza, naye anaeleza jambo lilelile kwa dakika 3. Wanabadilisha tena, analieleza kwa dakika 2. Halafu wasikilizaji nao wanapata zamu yao. Mara ya kwanza anakwama, anatafuta, anarudia. Mara ya tatu maneno yameshazoea mdomo, na kwa sababu msikilizaji ni mpya, hajisikii anarudia kitu kilekile kijinga. Hakuna kitabu kinachohitajika. Kama chumba ni kidogo, nje kuna miti.

Jambo la kusema liwe ni analolijua kuliko mwalimu. Mwache aeleze rangi na alama za ng'ombe wa baba yake, namna ya kurina asali, mvuto wa mnada, siku kombaini zinapoingia shambani, au mlima Hanang ulivyoporomosha tope Katesh ile Desemba ya 2023. Mtoto mwenye habari ya kweli huvumilia uchache wa maneno. Kabla ya dakika 4 za kwanza mpe dakika 5 za kujipanga na wenzake kwa lugha yoyote anayotaka, Kidatoga, Kiiraqw au Kiswahili. Wapo watakaoniambia hapo ndipo Kiingereza kinapoharibika. Kinachoharibika ni ukimya. Mtu hupanga hoja kwa lugha iliyo karibu na moyo, kisha huitafutia njia ya kutoka kwa lugha nyingine; ndivyo walivyofanya wafasiri wote wazuri, na Mwalimu Nyerere alipomleta Shakespeare kwenye Kiswahili alikuwa anatembea njia hiyo hiyo kwa upande wa pili. Mwalimu asiyejua Kidatoga asiogope kutoelewa yanayosemwa katika dakika hizo. Zake zinakuja.

Na makosa? Mwalimu apite katikati, asikilize, aandike kwenye daftari lake makosa mawili au matatu yanayojirudia, na ayaeleze mwishoni bila kumtaja mtu. Anayemkatiza mtoto katikati ya sentensi ili kumrekebisha wakati uliopita anaipata sentensi hiyo moja na kuzipoteza zote zitakazofuata.

Nimesikia pia ikisemwa kwamba msichana wa Kibarabaig hataweza haya, mila haimruhusu kusema mbele za watu. Anayesema hivyo hawajui Wabarabaig. George Klima, aliyeishi nao na kuchapisha kitabu juu yao mwaka 1970, aliandika habari za baraza la wanawake lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume na kumtoza ng'ombe. Humo wanawake ndio wasemaji. Binti anayenyamaza darasani anatoka kwenye nyumba ambayo mama anajua kusimamia hoja. Ukimya ameupata shuleni.

Mwalimu naye tumwonee huruma inayostahili. Wengi wanaofundisha Kiingereza katika kata za mbali wamepitia shule za aina ileile, na wanaogopa kuchapia mbele ya wanafunzi kama wanafunzi wanavyoogopa mbele yao. Akiingia darasani anajificha kwenye sarufi, kwa kuwa sarufi ina majibu nyuma ya kitabu. Mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, tayari unawataka walimu wakutane shuleni katika jumuiya za kujifunza. Saa moja ya kikao hicho kila wiki iwe ya walimu wa Kiingereza kuzungumza Kiingereza wao kwa wao, kwa mbinu ileile ya dakika 4, 3 na 2, mlango ukiwa umefungwa. Mwalimu aliyewahi kukwama mbele ya wenzake na kuvumiliwa atajua jinsi ya kumvumilia mtoto.

Lakini yote haya yataishia kwenye bidii ya mtu mmojammoja kama hatutagusa mtihani. Somo la Kiingereza kidato cha nne limekuwa likipimwa kwa karatasi moja ya saa tatu, ya kuandika tu. Mtoto anaweza kufaulu vizuri pasipo mtu yeyote kuwahi kuisikia sauti yake. Kenya wametunga maswali ya stadi za mazungumzo katika karatasi ya kwanza ya KCSE, mtihani wao wa mwisho wa sekondari, nayo yanajibiwa kwa maandishi, kwa hiyo hata wao wameishia mlangoni. Mwalimu mwenye akili hufundisha kinachotahiniwa, tusimlaumu.

Baraza la Mitihani linayo tayari nafasi ya kulifanyia kazi hili. Alama 30 kati ya 100 za kidato cha nne hutoka kwenye Alama Endelevu, zile zinazokusanywa kabla ya mtihani wa mwisho. Zitengwe 5 kati ya hizo kwa ajili ya kusema. Kama hofu ni kwamba kila shule itajipendelea, walimu wa Getanuwas waende kata ya jirani kuwasikiliza watoto wa huko, na wa huko waje Getanuwas, siku moja kwa mwaka, kwa pikipiki. Kila mtoto apewe dakika 3, aongee na mtu mzima asiyemjua kuhusu jambo analolijua, na apimwe kwa swali moja tu kubwa: je, alieleweka? Kwa darasa la watoto 60, dakika 3 kwa kila mmoja ni saa tatu, muda uleule tunaoutoa kwa karatasi.